Utoto wa Kuazima

Mimi si mtu wa hasira. Nalisema mapema kwa sababu najua mtakayoambiwa. Mtaambiwa kwamba Koplo Edwin Opondo, askari jela hapa Eldoret, miaka kumi na sita kazini, alivunja televisheni kwa kiatu. Ni kweli niliivunja. Lakini ile televisheni ilikuwa inaongea wakati mimi naongea, na nilikuwa nimeshaionya mara mbili.

Mtaambiwa pia kwamba mke wangu Naomi alinikimbia. Uongo. Alienda kwao Turbo kutembea, yeye na binti yetu Lorraine wa miaka tisa, ila walibeba nguo zote, vitabu vyote na godoro la mtoto, na matembezi yenyewe yalikuwa yameingia wiki ya saba. Kisa kilikuwa sweta. Lorraine alipoteza sweta ya shule, ya tatu ndani ya muhula mmoja, nami nikampigisha magoti juu ya mahindi makavu. Kikombe kimoja tu, nimeyatandaza vizuri sakafuni, na ni saa moja kwa saa ya ukutani. Huku Uasin Gishu tunalima mahindi, tunauza mahindi, tunakula mahindi. Nani aliwahi kufa kwa kuyapigia magoti? Kesho yake mwalimu akayaona magoti ya mtoto, akampigia Naomi simu. Naomi alirudi nyumbani, akaanza kukunja nguo. Mimi nilimwuliza kama chakula kiko tayari.

Wiki ya kwanza nilifurahia utulivu. Wiki ya tatu nikajikuta naongea na sufuria. Wiki ya tano nilimpigia Naomi simu nikamwambia, kwa upole wangu wote, arudi.

"Baba Lorraine," akasema, "tafuta mtu akusaidie na hiyo hasira. Ukishasaidiwa, kuja tukae mbele ya baba yangu, tuongee. Kama hujasaidiwa, usikuje."

Nikamwambia sina hasira. Inaonekana nililisema kwa nguvu kidogo, kwa sababu askari wa zamu kwenye lango la gereza, karibu na nyumba zetu, alikuja mbio kuuliza kama kuna mfungwa ametoroka.

Basi wiki ya saba gari jeupe la shirika fulani likaingia gerezani, akashuka Madam Jemutai. Ni msichana wa huku huku, ana digrii mbili, na alikuwa amevaa raba nyeupe pepe siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha. Shirika lilikuwa na semina ya siku tano, wafungwa ishirini na askari sita katika ukumbi mmoja, viti vimepangwa duara ili mtu asijue nani mkubwa. Mada ilikuwa kiwewe cha utotoni.

"Mtoto akiishi kwa uoga," Madam Jemutai akatuambia, "mwili wake unazoea kungoja kupigwa. Anakuwa mtu mzima, amepata kazi, ameoa, lakini mwili bado unangoja. Kitu kidogo tu, analipuka. Wengine wanaishia hapa."

"Hapa wapi, Madam?" nikauliza. "Kwa viti vya wafungwa ama kwa hizi sare zetu?"

"Zote mbili, Koplo."

Askari tulicheka sana. Wafungwa hawakucheka, lakini wao hawaruhusiwi kutucheka, kwa hivyo siwezi kujua walifikiri nini.

Siku hiyo tulijaza fomu yenye maswali kumi. Nilijibu yote hapana. Swali la pili liliuliza kama mzazi aliwahi kukupiga hadi ukabaki na alama. Alama ninazo, hata sasa nikivua shati utaziona, lakini nilipigwa kwa sababu nilikuwa nimekosa, na fomu haikuuliza kuhusu watu waliokosa. Hapana. Swali la tano liliuliza kama ulikuwa ukiogopa kurudi nyumbani. Nani hakuogopa kurudi nyumbani? Hapana. Nikapata sifuri, nikaangalia kando kwa fahari. Jirani yangu, mfungwa aitwaye Kiplimo, alikuwa na tisa.

Kisha Madam Jemutai akaeleza habari ya cheti. Kilikuwa kizuri, karatasi ngumu, mhuri wa rangi ya dhahabu, maneno "amepona na anaendelea kupona". Naomi alitaka kuona nimesaidiwa; hapa palikuwa na karatasi ya kumwonyesha, tena yenye mhuri. Shida ikawa moja. Cheti kingepewa mtu ambaye siku ya Ijumaa angesimama katikati ya duara na kusimulia maumivu yake ya utotoni. Mwenye sifuri hakuwa na la kusimulia, kwa hivyo angepewa soda tu.

Nililala nikiwaza. Watu wengine wana bahati, wamezaliwa na baba walevi, nyumba zimeungua, mama wametoroka, wana mali ya kusimulia hadi wajukuu. Mimi nililelewa vizuri. Ningetoa wapi maumivu kufikia Ijumaa?

Sasa, mji huu unajulikana kwa mbio. Huko nje watu wanaamka alfajiri kujifunza kukimbia. Huku ndani, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia, watu wamejifunza kulia. Mashirika yanakuja, yanasikiliza, na anayelia vizuri anapata sabuni ya kipande, biskuti, pengine blanketi. Bingwa wa mchezo huo alikuwa Kiplimo. Ni mtu wa Ainabkoi, alimkata kakake mkono kwa panga kwa sababu ya ua wa mpaka wa shamba, kaka akapona, yeye akala miaka kumi na minne. Ni mpole kuliko wafungwa wote ninaowajua. Ila usimguse begani ukitokea nyuma.

Jumatano asubuhi nikamfuata kwenye karakana ya useremala, ambapo ndiye fundi mkuu. Nikasahau, nikamgusa begani. Aligeuka na patasi mkononi, imenyooka hadi shingoni mwangu, macho hayamo. Kisha macho yakarudi.

"Pole afande. Pole sana afande. Sikujua ni wewe."

"Weka hiyo kitu chini. Nataka stori yako."

"Stori gani?"

"Ile ya baba yako na kamba. Niazime."

Nilimweleza habari ya Naomi, Turbo na cheti. Alinisikiliza akipangusa patasi kwa aproni. Hakushangaa, pale ndani watu wameshaazimana kila kitu, mpaka viatu vya kwenda navyo kortini.

"Sawa afande," akasema. "Iko hivi. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nachunga, mtamba ukaingia kwa ngano ya jirani. Baba akanifunga kwa nguzo ya geti na kamba ya ng'ombe, kwa mvua, kutoka asubuhi mpaka jioni. Ukifika kwa mvua, nyamaza. Hesabu mpaka tano kwa roho. Halafu sema, 'Na mama alikuwa anaangalia kwa dirisha.' Hapo ndio wanalia. Usiseme haraka, utaharibu."

Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu alitikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

"Kwani baba yako alikuwa mnyama?" nikamwuliza.

"Baba alikufa nikiwa kwa tumbo, afande. Hiyo nilitunga mwaka wa kwanza, wakati walisema kuna sabuni."

"Wewe! Kumbe hata yako ni ya uongo? Na fomu umeandika tisa?"

"Tisa ni ya ukweli." Akaokota kipande cha mbao ambacho hakikuhitaji kupimwa, akaanza kukipima. "Iko ile yenyewe. Ni mtu mwingine, si baba. Hiyo siwezi peana kwa sabuni."

Sikuuliza zaidi. Si kazi yangu. Lakini yeye akauliza.

"Na wewe afande, kwani huna yako?"

"Mimi sina kitu. Mimi nililelewa." Na kwa kuwa tulikuwa tunaongea vizuri, nikamchekesha kidogo. Nikamwambia jinsi marehemu mzee wangu, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo, alivyokuwa na mtindo wake. Tuliishi chumba kimoja kule mtaa wa Munyaka. Ukikosa, anatandaza mahindi kando ya meza, unapiga magoti, unainua stuli juu ya kichwa, na wenzako wanakula. Sahani yako inawekwa sakafuni mbele yako uione. Stuli ikishuka, sahani inaenda kwa mbwa wa jirani. Yule mbwa alinenepa kwa sababu yangu! Mama alikuwa anaangalia chakula chake. Siku moja nilikaa hapo mpaka nikajikojolea, na nilikuwa na miaka kumi na moja, kijana mkubwa, mzee akaita majirani waje waone. Nilicheka hadi nikashika meza ya useremala. Hiyo habari hunichekesha siku zote.

Kiplimo hakucheka. Nikafikiri ni ile sheria ya kutotucheka, nikamwambia anaweza kucheka, nimemruhusu.

"Afande," akasema polepole, "wape hiyo."

"Hiyo? Hiyo ni malezi. Nani atalia kwa malezi?"

"Ukikubali, nitakusaidia namna ya kuisema."

"Nimekuja kuazima, sijakuja kufundishwa," nikamjibu, na sauti ikapanda kidogo. Naye akasema "Sawa afande," akainama kwenye mbao yake.

Ijumaa nilisimama katikati ya duara nimepiga pasi sare yangu. Nikawapa Ainabkoi, nikawapa mtamba, ngano, nguzo na kamba. Nikafika kwenye mvua, nikanyamaza, nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Hapo kwenye tatu kitu cha ajabu kikatokea: machozi yakaja yenyewe. Sikuyaita. Nikajaribu kusema habari ya dirisha, ikatoka "na mama alikuwa anaangalia chakula chake." Nikajisahihisha haraka. Hakuna aliyegundua, kwa sababu Madam Jemutai alikuwa analia, askari wenzangu walikuwa wanaangalia dari, na mtu mmoja wa shirika alikuwa amesimama na simu anarekodi. Makofi yalichukua muda mrefu. Kiplimo peke yake aliangalia sakafu. Nikasema moyoni, wivu huo, bingwa ameshindwa nyumbani.

Nilipewa cheti. Nilikitia kwenye fremu ya kioo mjini Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada nikafika Turbo nacho, pamoja na sukari kilo nne, majani ya chai na unga wa ngano. Mkwe anayekuja kumchukua mke aliyerudi kwao anajua adabu zake. Huketi ndani kabisa. Unaketi kiti cha karibu na mlango. Hupewi chakula kabla ya maneno kwisha. Huanzi wewe kusema. Nilingoja hivyo nusu saa, fremu iko mapajani, hadi baba mkwe wangu, Mzee Mulongo, akaja na dada yake Rosebella, shangazi wa Naomi, ambaye katika familia ile ndiye korti ya juu. Naomi akaketi nyuma yao. Lorraine nilimsikia jikoni na binamu zake.

"Opondo," Mzee Mulongo akasema, "karibu. Umetuletea nini?"

Nikainua cheti. Nikaeleza semina, siku tano, mhuri. Nikasema mimi sasa ni mtu aliyesaidiwa, imeandikwa hapo, wanaweza kusoma. Mzee akavaa miwani akasoma chote, mbele na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu.

"Na walikusaidia aje?" akauliza.

"Nilisimulia maumivu yangu, Mzee."

"Tumeyaona," Shangazi Rosebella akasema.

Akatoa simu. Ile video ya shirika ilikuwa imezunguka tangu Ijumaa jioni, na imeingia hadi kundi la akina mama wa kanisa lao Turbo. Akaiwasha, akaweka sauti ya mwisho. Nikajisikia nikisema habari ya Ainabkoi, mtamba, nguzo ya geti. Nilitamani kuivunja ile simu. Kiatu nilikuwa nacho mguuni, na nilikumbuka kinavyofanya kazi.

"Baba Lorraine," Naomi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Ng'ombe gani? Geti gani? Baba yako alikaa Munyaka kwa chumba moja mpaka akakufa. Hakuwahi fuga hata kuku."

Mimi nikaangalia kiatu changu.

"Umedanganya shirika," Shangazi akasema, "ukadanganya kanisa. Wamama wamekulilia! Mama mchungaji alifunga kula juu yako!"

"Rosebella, ngoja," Mzee Mulongo akasema. Akavua miwani. "Opondo, sitaki hiyo ya ng'ombe. Ni wapi ulijifunza kuweka mtoto kwa mahindi?"

Nikasema kwa baba yangu, wapi kwingine. Akasema nimweleze. Nikaeleza kama ninavyoeleza siku zote, na yule mbwa aliyenenepa, na stuli, na majirani walioitwa kuja kuniona. Nilipofika mahali pa kucheka nikacheka. Nilicheka peke yangu. Shangazi Rosebella, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza, alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Naomi alikuwa analia. Miaka kumi na mbili ya ndoa sikuwahi kumwambia, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuambiwa.

Nikaacha kucheka. Aibu ilinishika vibaya sana, aibu ya mtoto wa miaka kumi na moja, na magoti yakaanza kuniuma pale pale kwenye kiti. Nilimchukia mzee wangu. Sikuwahi kujua kwamba ninamchukia.

"Basi," Mzee Mulongo akasema, "pole, mwanangu. Hiyo haikufaa kufanyiwa mtoto." Kisha akageuka upande wa jikoni. "Lakini leo tumeitana kwa sababu ya mtoto mwingine. Lorraine! Kuja."

Akaja, mikono ina unga wa chapati. Amerefuka katika wiki saba. Akanisalimia kwa kuinamisha kichwa, akasimama kando ya babu yake.

"Baba yako amekuja kuwachukua," Mzee akamwambia. "Mama yako amesema ukikubali, ataenda. Ukikataa, mtakaa hapa, na hakuna mtu atakukasirikia. Wewe unasema aje?"

Neno moja tu kutoka kwa mtoto, na nyumba yangu inarudi.

Lorraine hakumwangalia babu yake wala mama yake. Hakuniangalia hata mimi usoni. Aliangalia mikono yangu.

"Vile Baba atasema ni sawa," akajibu. Alijibu haraka, kwa adabu, bila kupumua.

"Ona huyo mtoto ana heshima," Shangazi akasema.

Naijua sauti hiyo. Ni kazi yangu kuijua. Naisikia kila asubuhi tukihesabu wafungwa, wanaume wazima wenye ndevu wanakubali jambo kabla sijamaliza kulisema, macho yao yako kwenye mikono yangu. Miaka kumi na sita nimeiita nidhamu na nimewapa alama nzuri kwa ajili yake. Nimewahi kuitoa mimi mwenyewe, kando ya meza ya chakula, Munyaka. Sasa niliisikia kwa mtoto wangu, naye hata hakuwa amekosa kitu.

Naomi aliinuka kidogo kwenye kiti chake, kwa sababu ahadi ni ahadi, na mtoto alikuwa amekubali. Godoro lilikuwa limeshakunjwa ukutani, nililiona. Nilichotakiwa kusema ni "twendeni." Nilikuwa na hamu ya kusema hivyo kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote.

"Abaki," nikasema. "Na mama yake abaki."

Naomi akaketi tena. Mzee Mulongo akamwambia shangazi alete chai. Lorraine bado alikuwa amesimama pale pale, mikono pembeni.

"Naweza kwenda, Baba?" akauliza.

Nikamwambia aende. Hadi mlangoni alitembea polepole, kwa heshima zote. Alipopita mlango, nikamsikia anakimbia.